Ruiru Ilifika 11 Kabla ya Windows

Mwaka 1985 yalitoka matoleo mawili mapya. Mwezi Novemba, huko Marekani, kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 1.0, programu iliyopanga kazi za kompyuta katika visanduku na ambayo wakosoaji waliiona nzito na ya mwendo wa pole. Ruiru nayo, katika kituo cha utafiti wa kahawa, wataalamu wa Kenya walitoa mbuni mfupi, wenye uwezo wa kustahimili chule buni na kutu ya majani, wakauita Ruiru 11. Windows ilifika namba 11 Oktoba 2021. Kwa hesabu hiyo, Ruiru iliitangulia Microsoft kwa miaka 36.

Hesabu hiyo haina maana yoyote. Namba ya mbuni si namba ya toleo la programu, na hakuna mkulima aliyewahi kuombwa auzime mche kisha auwashe tena. Lakini ndivyo ulivyo utani wa watu wa kompyuta: hulichukua jambo la kipuuzi, hulifuata kwa nidhamu yote ya kihandisi hadi mwisho wake, halafu hukutazama bila kucheka. Ukitaka kujua jinsi utani wa namna hiyo ulivyoota mizizi Kenya, shika Barabara ya Thika. Kutoka Kasarani hadi Thika mjini, utapita mashamba ya zamani ya kahawa, vyuo vikuu kadhaa, njia ya kwenda gereza la Kamiti, kiwanda cha magari na tarakilishi zilizoundwa Juja. Karibu kila teknolojia ambayo taifa limeahidiwa kwa miaka 40 iliyopita imepita hapo, na karibu kila mojawapo imechekwa kwanza kabla ya kutumiwa.

Kicheko chenyewe kilianza kabla ya intaneti. Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Mhandisi wa programu wa leo angelielewa agizo hilo papo hapo: kwanza kitu kitembee, urembo utafuata. Yaliundwa magari matano ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yenye uwezo wa kufika kilomita 120 kwa saa, na Februari 1990 yakaonyeshwa hadharani katika uwanja wa Kasarani. Kampuni iliundwa ili kuyatengeneza kwa wingi. Fedha hazikupatikana, gari halikufika sokoni, na tangu hapo serikali ikitangaza chombo kipya, hakosekani Mkenya wa kuuliza lile gari la Nyayo liko wapi.

Wakati huohuo, wanakompyuta wa Ulaya na Marekani walikuwa na mapenzi ya ajabu na kahawa. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye mtungi wao wa kahawa ili mtu ajue kama umekauka kabla ya kujisumbua kuinuka kitini. Miaka miwili baadaye picha hiyo iliwekwa mtandaoni, na watu wa mabara mengine wakawa wanautazama mtungi ambao hawangeonja kahawa yake kamwe. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ikazindua lugha ya programu kwa jina la Java, nembo yake ikiwa kikombe kinachofuka mvuke. Lugha hiyo ilipoingia katika mitaala ya Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakajikuta wanaisoma Java wakiwa Kahawa, maana ndilo jina la eneo lilipo chuo hicho, jirani na mitaa ya Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Hakuna mtunzi wa vichekesho aliyehitajika.

Kilele kilifika tarehe 1 Aprili 1998. Siku hiyo mtaalamu Larry Masinter alichapisha waraka wa kiufundi uliofuata kikamilifu mpangilio wa nyaraka zinazoendesha intaneti, akieleza namna ya kuliamuru birika la kahawa kupitia mtandao. Ndani yake aliweka kosa namba 418: ukiliamuru birika la chai litengeneze kahawa, litakujibu kwamba lenyewe ni birika la chai. Baadhi ya watunzi wa programu waliliingiza kosa hilo katika kazi zao za kweli. Mwaka 2017 mhandisi Mark Nottingham alipopendekeza liondolewe, kijana wa miaka 15, Shane Brunswick, alifungua tovuti ya kulitetea. Namba hiyo ikanusurika, na hadi leo imehifadhiwa isipewe kazi nyingine.

Msomaji wa Kiambu hahitaji kufafanuliwa kosa la 418. Kaunti hiyo moja ina kahawa ya Ruiru na Thika upande wa chini, na chai ya Limuru upande wa juu, ambako miche ya kwanza ya chai nchini ilipandwa mwaka 1903. Kahawa nyingi hupakiwa katika magunia na kusafirishwa nje. Mkulima aliyeichuma hurudi nyumbani akanywa chai. Masinter alidhani anabuni kichekesho, kumbe alikuwa anaeleza uchumi wa Kiambu.

Intaneti yenyewe ilipofika Kenya katikati ya miaka ya 1990, kupitia kampuni kama Africa Online iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, ilikuwa na vichekesho vyake vya asili. Nchi haikuwa na kebo ya baharini wala kituo cha kubadilishania mawasiliano ya ndani. Kwa hiyo barua pepe ya mhadhiri wa Juja kwenda kwa mfanyabiashara wa Thika, mwendo wa dakika chache kwa matatu, iliweza kupanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ardhi, ikateremka ng'ambo, ikageuka na kurudi kwa njia ileile. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma waliungana wakafungua kituo cha kubadilishania mawasiliano humu nchini. Tume ya Mawasiliano ilikifunga baada ya muda mfupi, Telkom Kenya ikilalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imeingiliwa. Barua zikarudi angani. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini vichekesho vya Kenya vya mtandaoni vilichelewa kuja, na kwa nini vilipokuja vilikuja kwa kishindo. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Julai mwaka huohuo SEACOM ikaanza kazi. Kabla ya hapo, kutazama video katika saiba kulikuwa kutazama duara likizunguka huku dakika zikihesabiwa. Baada ya hapo, video ikawa kitu ambacho mwanachuo anaweza kukitazama na kumtumia mwenzake.

Miezi minane baada ya SEACOM kuwaka, tarehe 17 Machi 2010, kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Kundi hilo lilikuwa limezaliwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na ndani yake walikuwamo Blinky Bill, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Video iliiga filamu za ngumi za miaka ya 1970, na shujaa wake, aliyeigizwa na Kevin Maina, aliitwa Makmende. Jina hilo lilikuwa la watoto wa mitaa wa miaka ya 1990, waliokuwa wamelichonga kutoka kwenye kitisho cha Clint Eastwood, "make my day", katika filamu ya mwaka 1983. Mtoto aliyejifanya jasiri kupita kiasi aliulizwa kama anajiona yeye ndiye Makmende.

Ndani ya siku chache Makmende akawa kila mahali. Sura yake ilibandikwa kwenye jalada la majarida ya kimataifa na kwenye noti ya shilingi 10,000 ambayo Benki Kuu haijawahi kuichapa. Mtindo wa vichekesho ulikuwa wa kuazima: tangu mwaka 2005 Wamarekani walikuwa wakibuni sifa zisizowezekana za mwigizaji Chuck Norris. Wakenya walichofanya ni kuuvisha mtindo huo nguo za nyumbani. Katika mzaha mmoja uliosambaa sana, Makmende huanika nguo zake kwenye laini ya Safaricom, na zikikauka hupokea ujumbe mfupi. Ili ucheke, ilibidi uwe na laini, uwe umewahi kuanika nguo kwenye kamba, na uwe umezoea kampuni inayokutumia ujumbe kwa kila jambo. Mtu wa Texas asingeelewa, naye hakuwa amealikwa.

Wahariri wa Wikipedia walimpa Makmende ushahidi zaidi wa ukubwa wake. Ukurasa wake ulifutwa mara kadhaa kwa hoja kwamba hakuna vyanzo vya kutosha vya kuthibitisha umaarufu wake. Mtafiti wa Marekani Ethan Zuckerman alitania kwamba Makmende ni mkubwa mno kuenea katika kamusi elezo hiyo. Magazeti ya nje, likiwamo Wall Street Journal, yalipoandika habari zake, vyanzo vikapatikana na ukurasa ukabaki. Kwa ufupi, ilibidi Marekani iseme Makmende ni maarufu ndipo iaminike kwamba Wakenya wanamjua.

Somo hilo halikusahaulika. Machi 2012, baada ya shambulio la guruneti katika kituo cha mabasi Nairobi, CNN ilitangaza habari hiyo kana kwamba nchi nzima imetumbukia katika vurugu. Wakenya wa Twitter waliijibu kwa alama ya reli iliyotaka mtu aiambie CNN ukweli, wakiuchanganya ukali na dhihaka. Julai 2015, Barack Obama alipokaribia kuzuru Nairobi, kituo hichohicho kiliitaja Kenya kuwa kitovu cha ugaidi, na alama ileile ikafufuliwa. Mara hii mkuu wa CNN wa kimataifa, Tony Maddox, alipanda ndege akaja kuomba radhi.

Barabara ya Thika yenyewe ilikuwa imebadilika. Kampuni tatu za Kichina, China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, zilikuwa zikiipanua tangu mwaka 2009, na tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi: takriban kilomita 50, njia hadi nane katika sehemu nyingine, gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Ilikuwa ndiyo sura ya Kenya ya kisasa kwenye kalenda na matangazo. Kisha yakawekwa matuta juu yake, kwa kuwa watembea kwa miguu walikuwa wakigongwa penye upungufu wa madaraja. Barabara kuu ya mwendo kasi yenye matuta ilikuwa zawadi kwa wachekeshaji. Katika lugha ya wanakompyuta, toleo lilizinduliwa na kasoro zikarekebishwa watumiaji wakiwa tayari ndani.

Foleni nazo zilizaa vyombo. Laban Okune alianzisha Ma3Route, huduma iliyowaruhusu abiria kuarifiana kuhusu msongamano, ajali na vizuizi vya polisi. Jina lake lina mzaha ndani: "tatu" ya matatu imeandikwa kwa tarakimu, kama vijana walivyozoea kuandika ujumbe wa simu ili kuokoa herufi. Kwa miaka mingi, taarifa za huduma hiyo kuhusu Githurai au Ruiru zimesomeka nusu kama habari, nusu kama tamthilia, maana mtu aliyekwama garini kwa saa mbili hana kazi nyingine ila kunoa ulimi.

Januari 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia, vilitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi, Barabara ya Thika ikiwa mojawapo ya mishipa yake mikubwa. Wanafunzi walikuwa wamepanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakirekodi kila kituo. Mwezi Agosti 2015 data hizo ziliingia katika Google Maps. Ramani ilichorwa kwa rangi kama za reli za chini ya ardhi za London au Paris, na ilifanya kazi vizuri hadi mvua iliponyesha. Hakuna rangi iliyoweza kuonyesha kwamba nauli ya matatu namba 237 ya Thika au namba 145 ya Ruiru hupanda wingu likitanda. Uber ilipofika Nairobi mwanzoni mwa 2015 na kueleza kwamba mfumo wake wa kisasa huongeza bei wateja wakizidi, abiria wa Githurai waliutambua mara moja. Makanga alikuwa ameuendesha kwa miaka mingi bila seva hata moja.

Kilomita chache kutoka barabara hiyo, upande wa Kahawa West, liko gereza kuu la Kamiti, nalo likaingia katika ngano za kidijitali bila kuomba. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na haukupita muda matapeli wakagundua kwamba mtu anayetarajia kutuma pesa anaweza kuelekezwa kuituma kwingine. Ujumbe wao wa kawaida ukawa maarufu kuliko matangazo mengi ya biashara: ile pesa, tuma kwa hii namba. Kwa kuwa ilishukiwa kwamba wengi wa watumaji ni wafungwa wenye simu za kificho, jina la Kamiti likawa jina la kazi. Tapeli yeyote, hata awe Mombasa, akawa "wa Kamiti". Wakenya wakaanzisha mchezo wa kuwajibu. Mmoja humwomba tapeli amsalimie afande, mwingine hujifanya ametuma na kulaumu mtandao, wa tatu humwomba yeye ndiye atume kwanza. Mazungumzo hayo hunaswa na kusambazwa, na kwa njia hiyo watu wengi zaidi wameujua utapeli huo kuliko waliowahi kusoma onyo rasmi.

Ahadi kubwa kuliko zote ilifika na uchaguzi wa Machi 2013. Muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza, iliyopewa kampuni ya Olive ya India mwaka 2014, ilibatilishwa. Vichekesho vilijaa: picha za watoto wanaosomea chini ya mti, na swali la kama mti huo una soketi. Mwaka 2016 kazi ikagawanywa kati ya Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na chuo kikuu cha JKUAT cha Juja, pamoja na Positivo BGH ya Amerika Kusini. JKUAT haikuwa mgeni. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na tayari kilikuwa kimeunda tarakilishi zake zilizoitwa Taifa.

Kwa hiyo Juja, mji ambao wengi waliujua kwa mabweni na vibanda vya chipsi, ukawa mahali pa kuunganishia vifaa vya shule za taifa zima. Vilipowafikia wanafunzi vilikuwa tabuleti. Vipakatalishi walipewa walimu. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, mwenye haki ya kwanza ya ile ahadi, alikuwa tayari darasa la tatu. Hata hivyo zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa, na kicheko cha mti na soketi kilikuwa kimefanya kazi ya mkaguzi: kiliuliza juu ya umeme, madarasa na walimu kabla ya wengi kuuliza juu ya kasi ya vifaa.

Thika ilipata zamu yake kiwandani. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza miaka ya 1970 kikiunganisha magari ya Leyland, kilianza kuunda Volkswagen Polo Vivo mwishoni mwa 2016, na mwaka 2024 kikawa kinaunganisha mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo. Mwaka uliotangulia Kenya ilikuwa imekumbwa na giza la nchi nzima zaidi ya mara moja, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukazimika. Swali la abiria lilijileta lenyewe: stima ikipotea, tutasukuma?

Kufikia Juni 2024 wachekeshaji walikuwa wamejifunza kuunda vyombo vyao wenyewe. Mswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya ulipofika bungeni, Rais William Ruto alikuwa tayari ameitwa Zakayo, kwa jina la mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mti. Vijana waliongeza ufundi juu ya dhihaka. Mtaalamu mmoja wa programu aliunda chombo cha akili unde ambacho mtu alikiuliza kuhusu mswada huo, kikamjibu kwa lugha nyepesi kifungu gani kitapandisha bei ya nini. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, na simu zao zikajaa ujumbe. Maandamano yalienea nchini, Thika ikiwamo, na tarehe 25 Juni waandamanaji waliuawa kwa risasi Nairobi. Kesho yake rais alikataa kuutia saini mswada.

Mwaka uliofuata mbinu iliboreshwa. Rose Njeri, mtengenezaji wa programu, aliunda ukurasa uliomwezesha mwananchi kutuma bungeni barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2025 kwa kubofya mara moja. Alikamatwa tarehe 30 Mei na kushtakiwa kwa kuvuruga mifumo ya kamati ya fedha ya Bunge. Katika nchi ambayo barua pepe ya Juja ililazimika kwenda angani ili ifike Thika, sasa kosa lilikuwa kwamba barua zinafika, tena ni nyingi. Tarehe 20 Juni 2025 mahakama ya Milimani ilisema mashtaka hayo hayaonyeshi kosa lolote, ikamwachilia.